Kazi ipo, na elimu ya dini unaitamani: njia nne za kupima kabla hujaamua

Kuna watu wamefanikiwa kazini na bado hawatulii. Mhasibu, daktari, mhandisi, mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye duka lake limeshasimama. Alhamdulillahi, riziki ipo. Lakini kila akimsikia sheikh anasoma ibara ya Kiarabu na kuifasiri papo hapo, roho inamwuma kwamba yeye dini yake anaipokea kwa kusikia tu. Wengi hubeba jambo hili miaka bila kumwambia mtu, kwa kuwa wanadhani jibu lake ni moja, kuacha kazi na kwenda Madina, na hilo hawaliwezi. Wengine huacha kazi kwa pupa, na mwaka haujaisha wamerudi na madeni.

Njia ziko zaidi ya moja. Hapa nimeziweka nne: darsa kwa sheikh huku uko kazini, chuo cha mtandaoni, chuo cha hapahapa Afrika Mashariki, na kuacha kazi ukasafiri. Zote nazipima kwa vipimo vilevile. Sitakwambia ipi ni bora kwa kila mtu, maana inayomfaa kijana wa miaka 23 asiye na mke yaweza kuwa dhuluma kwa baba wa watoto wanne.

Kwanza, unataka elimu ipi?

Maulamaa wameigawa elimu ya dini mafungu mawili. Lipo la fardhi aini, linalomlazimu kila Mwislamu: akida yake, tohara, sala, funga, kusoma Fatiha sawasawa, kisha hukumu za yale anayoyaingia. Mwenye mali ajue zaka, mfanyabiashara ajue ipi ni riba, anayeoa ajue haki za mke. Hili halisubiri likizo wala kustaafu. Lipo na la fardhi kifaya: fikihi kwa dalili zake, hadithi na wapokezi wake, usuli (kanuni za kutoa hukumu kutoka kwenye dalili), mirathi kwa undani. Wakipatikana wa kutosha katika mji, waliobaki wamesalimika. Aya ya 122 ya Surat Tawba imelieleza: waumini hawatakiwi kutoka wote, bali katika kila kundi watoke baadhi yao wakajifunze dini, wawaonye watu wao watakaporudi.

Basi jiulize kwa ukweli: unataka kuijua dini yako, au unataka kuwa mtu wa kuulizwa na watu? La kwanza linapatikana pamoja na kazi yoyote ya halali. La pili, kwa ninavyoona, lina miaka ambayo lazima uikate kwenye mambo mengine, na hakuna ujanja wa ratiba unaoweza kuikwepa.

Masahaba wenyewe hawakuwa na mwendo mmoja. Katika Bukhari imo habari ya Umar bin Khattab (r.a.), aliyekuwa akikaa Awali, pembezoni mwa Madina. Yeye na jirani yake wa Kiansari walipeana zamu: siku moja huyu anashuka kwa Mtume (s.a.w.), siku ya pili yule, na aliyeshuka anarudi kumweleza mwenzake aliyoyasikia. Abu Huraira (r.a.) naye alieleza kwamba ndugu zake Muhajirina walishughulishwa na biashara sokoni na Ansari na mali zao, yeye akashikamana na Mtume kwa shibe ya tumbo lake tu. Ndiyo maana hadithi alizozipokea ni nyingi kuliko za wengine. Hao wawili wote ni watu wa elimu, na hakuna aliyemwambia Umar kwamba siku yake ya kazi ilikuwa ya hasara.

Kuna swali jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Je, unataka kusoma, au unataka kuikimbia kazi yako? Anayefanya kazi ya riba na dhamira inamsuta ana jambo la kulitatua, lakini dawa yake ni kutafuta kazi ya halali, na hiyo haidai miaka sita ya masomo. Anayegombana na bosi wake dawa yake ni kuhama ofisi. Kiu ya elimu iliyozaliwa na uchovu wa kazi hukatika wiki ya tatu ya nahau, yaani kanuni za lugha ya Kiarabu. Tenganisha mambo hayo mawili kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Vipimo vitano

*Muda:* ni saa ngapi za kweli, ukiwa macho na akili ikiwa nzima. Saa tatu za usiku ukisinzia hazihesabiwi.

*Fedha na wanaokutegemea:* hapa kuna hadithi ya Abu Daud kwamba yamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale anaowalisha. Ingiza mke au mume, watoto, wazazi, ada za shule na madeni. Anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya Tanzania hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Akiacha mshahara makato hukoma, deni hubaki. Wenzetu wa Kenya wana HELB, bodi yao ya mikopo ya elimu, na huko nako deni hubaki.

*Mwalimu:* je, yupo wa kukusikiliza ukisoma na kukurudi ukikosea, naye amesoma kwa nani?

*Kiarabu:* hiki ndicho ninachokiangalia kuliko vyote. Bila Kiarabu utabaki msikilizaji, hata ukihudhuria miaka 20. Ukiwa na Kiarabu cha kukuwezesha kufungua kitabu, hata darsa moja kwa wiki hukusogeza, kwa sababu siku sita zilizobaki unaweza kusoma mwenyewe na kurudi na maswali. Nacho ni kipimo kizuri cha nia. Kama huwezi kudumu na nahau na sarufi jioni tatu kwa wiki kwa miezi tisa ukiwa na mshahara na kitanda chako, sioni kwa nini uamini kwamba utadumu ugenini.

*Mlango wa kurudi:* mambo yakigeuka, utarudi wapi?

Njia ya kwanza: darsa kwa sheikh, huku uko kazini

*Muda.* Huku kwetu karibu na ikweta Magharibi haihami sana. Dar es Salaam huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, mwaka mzima, na mpaka Isha pana saa moja na dakika chache. Hapo ndipo darsa nyingi za misikitini zilipo. Tatizo ni foleni: anayetoka ofisini Posta saa kumi na moja akakaa Mbagala au Tegeta hafiki kwa wakati. Wengi waliofanikiwa katika njia hii wamefanya moja kati ya mawili: wanasoma kwenye msikiti ulio karibu na kazi kisha wanarudi nyumbani baada ya Isha, au wanasoma baada ya Alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mimi naipendelea Alfajiri. Bosi hana kikao saa hiyo na simu hailii.

Hesabu yake iwe wazi. Saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka, ni saa 120. Mwanafunzi wa chuo anayekaa darasani saa tano, siku tano, wiki 30, ana saa 750. Ukiona aliyeacha kazi amekuacha nyuma, tofauti ni hiyo. Huna upungufu wa akili. Kwa saa 120 kitabu kidogo cha fikihi kama Safina, ambacho pwani yetu ya Kishafii imekisoma vizazi kwa vizazi, kinakwisha na kueleweka. Vitabu vikubwa vitachukua miaka, na hilo si aibu.

*Fedha.* Gharama ni ndogo: vitabu, nauli, na heshima ya kumkumbuka sheikh wako. Kuhusu hilo tusijifiche. Masheikh wengi hufundisha bila mshahara, na wewe una mshahara. Mpe kwa adabu, bila kungoja aombe.

*Mwalimu.* Hapa njia hii inaizidi ile ya mtandao kwa mbali. Unasoma, anakusikiliza, anakusahihisha matamshi, anakuona umevaa vipi na unamsemesha mkeo vipi. Elimu hiyo haimo kitabuni. Upungufu wake ni kwamba darsa za wazi hazina mpango kwa mgeni: leo mlango wa hedhi, kesho mlango wa uchumba, na wewe umeingia katikati. Dawa yake ni kuomba darsa la faragha la watu watatu au wanne, muanze kitabu mwanzo hadi mkihitimu. Masheikh hawakatai watu wanaokuja kwa wakati.

Kwa dada zetu wanaofanya kazi kuna ugumu wa ziada, kwani darsa nyingi za akina mama huwa alasiri, saa ambayo mfanyakazi bado yuko mezani kwake. Waliolitatua ni wale waliojikusanya wanne au watano, wakamtafuta ustadha, wakasoma nyumbani kwa mmoja wao Jumamosi asubuhi.

*Kiarabu.* Hakiji chenyewe kwa kukaa darsani. Kitengee siku zake na mwalimu wake.

*Mlango wa kurudi.* Hujatoka popote, kwa hiyo hakuna cha kurudia. Hatari ni kinyume chake: ni rahisi kukatika bila mtu kugundua. Wiki ya kufunga hesabu, safari ya kikazi, mtoto mgonjwa, na darsa limekufa. Zamu ya Umar na jirani yake inafaa sana hapa: muwe wawili, asiyehudhuria aelezwe siku ileile.

*Inamfaa nani?* Mwenye familia, mwenye deni, mwenye wazazi wa kuwauguza, na yeyote ambaye bado hajajijua kama kiu yake ni ya kweli. Wala asidharauliwe. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyetafsiri Qurani yote kwa Kiswahili, alikuwa mwalimu wa shule za serikali Unguja kwa miaka mingi huku akisoma kwa maulamaa wa mji, kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960 na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Imamu Abu Hanifa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri Kufa.

Njia ya pili: chuo cha mtandaoni

*Muda.* Unajipangia mwenyewe, na huo ndio utamu wake na ndio mtego wake. Somo laweza kusikilizwa kwenye mwendokasi au baada ya watoto kulala. Lakini shahada ya mtandaoni ina mitihani na tarehe, na anayeichukulia kama mihadhara ya kusikiliza hushtuka muhula ukiisha.

*Fedha.* Ni nafuu kuliko kuhamia chuoni. International Open University, iliyoanzishwa na Sheikh Bilal Philips mwaka 2007 kwa jina la Islamic Online University na sasa ina makao yake Gambia, ilijengwa kwa makusudi hayo: mtu asome shahada ya masomo ya Kiislamu kwa ada ndogo akiwa kwao. Bajeti iwe na bando na kompyuta. Kusoma shahada nzima kwenye simu kunachosha macho.

*Mwalimu.* Wapo, na wengine ni wanavyuoni wa juu ambao usingewapata mtaani kwako. Ila hawakujui. Ukikosea kutamka herufi ya dhadi hakuna wa kukurudi. Vipo vipindi vya moja kwa moja, lakini kurekebishwa kisomo na kulelewa adabu ndipo palipo dhaifu.

*Kiarabu.* Programu nyingi za namna hii hufundishwa kwa Kiingereza na kuweka Kiarabu kama somo pembeni. Unaweza kuhitimu ukiwa na cheti kizuri na bado huwezi kusoma ukurasa usio na irabu. Ukiichagua njia hii, mtafute mwalimu wa Kiarabu wa ana kwa ana pembeni.

*Mlango wa kurudi.* Kazi yako ipo palepale. Cheti ni jambo lingine: kama unataka kikutumikie kuajiriwa au kuendelea na shahada ya pili, uliza kwanza Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, au CUE kwa walioko Kenya, kama wanakitambua. Uliza kabla ya kulipa.

*Inamfaa nani?* Mfanyakazi wa zamu, nesi na rubani. Mama mwenye mtoto mchanga. Na Mswahili aliyeko Ulaya au Marekani ambako msikiti wa karibu ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Aliyeko Mombasa au Unguja, mtaa wenye masheikh watatu, ningemwomba asiupite mlango wa jirani akakimbilie skrini.

Njia ya tatu: chuo cha hapahapa

*Muda.* Shahada ni miaka mitatu au minne. Baadhi ya kozi, hasa za stashahada na za uzamili, huwa na ratiba ya jioni au mwishoni mwa wiki. Nyingine zinadai likizo. Mtumishi wa umma anaweza kuomba ruhusa ya masomo, wa kampuni binafsi anaweza kuomba likizo bila malipo. Likizo ya kila mwaka nayo isisahauliwe. Sheria ya Tanzania inatoa siku 28, ya Kenya si chini ya siku 21 za kazi. Daura, yaani kozi fupi ya mfululizo, ya wiki tatu, asubuhi mpaka Isha, ikirudiwa kila mwaka, inajenga kuliko watu wanavyodhani.

*Fedha.* Ada ipo, na kama umechukua likizo bila malipo basi mshahara haupo. Lakini uko nyumbani, huna nauli ya ndege wala kodi ya chumba ugenini, na mwenza wako anakuona.

*Mwalimu.* Chaguo ni kubwa kuliko tunavyolitangaza. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2005. Zanzibar University ya Tunguu, iliyoanza 1998, hufundisha sheria za nchi na Sharia pamoja. Uganda kuna chuo kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kinachojulikana kama IUIU, tangu 1988, na Kenya kuna Umma University. Kwa anayetaka mwendo wa kale wa kukaa na vitabu na masharifu, Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Swaleh, imekuwa ikipokea wanafunzi kutoka pembe zote za Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 100.

*Kiarabu.* Hutofautiana sana. Vyuo vingine hufundisha masomo ya dini kwa Kiingereza, vingine kwa Kiarabu. Kabla hujajiandikisha, omba kukaa darasa moja la mwaka wa pili usikilize wanasoma kwa lugha gani na vitabu gani. Saa hiyo moja itakueleza mengi kuliko kipeperushi.

*Mlango wa kurudi.* Hapa njia hii ina faida yake ya pekee, kwani elimu inaweza kuungana na taaluma yako. Kenya, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeweka mahakama za Kadhi kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na Zanzibar nako Kadhi ni sehemu ya mfumo wa mahakama. Wakili anayejua Sharia kwa vitabu vyake anahitajika huko. Gulf African Bank ilifunguliwa Kenya mwaka 2008 na Amana Bank Tanzania mwaka 2011, na benki za namna hii hazitaki tu sheikh wala hazitaki tu mhasibu. Zinamhitaji anayeweza kusoma mkataba wa murabaha (kuuza kwa faida iliyotajwa wazi) kwa macho mawili. AAOIFI ya Bahrain, taasisi inayoweka viwango vya uhasibu na Sharia kwa benki za Kiislamu, hutoa mitihani ya washauri na wakaguzi wa Sharia ambayo mhasibu anaweza kuifanya bila kuacha kazi. Ila mtihani huo hauwi badala ya fikihi. Umekusudiwa mtu ambaye fikihi ya miamala ameshaanza kuisoma.

*Inamfaa nani?* Mwenye akiba kidogo na mwajiri muungwana, mwanasheria, mtu wa benki, mwalimu anayetaka kuhamia somo la dini, na dada ambaye familia yake haitaridhia asafiri mbali.

Njia ya nne: kuacha kazi na kusafiri

Hii ndiyo inayowaka mioyoni mwa watu, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

*Muda.* Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoasisiwa 1961, humwanzisha asiyejua Kiarabu kwenye maahadi (taasisi) ya lugha, ambayo yaweza kuwa miaka miwili, kisha miaka minne ya shahada. Ni miaka sita. Na kwa shahada ya kwanza sharti la umri limekuwa kutozidi miaka 25, na cheti cha sekondari kisiwe cha zamani sana. Naliandika hili wazi kwa sababu wapo watu wa miaka 35 wanaoishi na ndoto ya Madina wasijue kwamba mlango wa shahada ya kwanza umeshawapita, na huku wanaacha milango mingine iliyo wazi. Al-Azhar ya Misri, yenye zaidi ya miaka 1,000, ina mwendo wake: shahada yako ya sanawi (sekondari) iwe na muadala, yaani itambuliwe nao, la sivyo unaanzia maahadi ya chini. Azhar ina vitivo vya wanawake tangu miaka ya 1960. Tarim, Hadhramaut ya Yemen, ina chuo cha Dar al-Mustafa ya Habib Umar bin Hafidh kwa wanaume na Dar al-Zahra kwa wanawake, na kwa watu wa pwani yetu ni kama kwenda kwa wajomba, kwa ule uhusiano wa masharifu.

Khartoum ilikuwa tegemeo kubwa. Jamiat Ifriqiya, yaani Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, imewasomesha Waafrika Mashariki wengi sana. Vita vilivyolipuka Aprili 15, 2023 viliwatawanya wanafunzi, wengine wakiwa mwaka wa mwisho. Yemen nayo ina vita vyake vya zaidi ya miaka kumi. Anayepanga kwenda ughaibuni aweke hesabu ya amani pamoja na hesabu ya ada.

*Fedha.* Ufadhili wa Madina hubeba masomo, makazi na posho ya kila mwezi, lakini posho hiyo imepangwa kwa mwanafunzi mmoja; haikuwekwa kwa ajili ya nyumba iliyobaki Tanga. Chukua mfano wa familia inayotumia shilingi 900,000 kwa mwezi. Miaka miwili ni milioni 21.6, miaka sita ni milioni 64.8, kabla mtu hajaugua. Kama fedha hiyo ipo, au pana duka au nyumba ya kupangisha inayoileta kila mwezi, suala limekuwa jepesi. Kama haipo, mpango wa “Allah atafungua” bila maandalizi ni kuwatwika wengine mzigo wako. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia.

*Mwalimu.* Hapa hakuna njia inayoikaribia. Unaishi ndani ya elimu: masomo asubuhi, halaka (duara za darsa) za msikitini jioni, wenzako wote ni wanafunzi, na mazungumzo ya chakula cha usiku ni mas-ala ya darasani.

*Kiarabu.* Unakioga kila siku. Lakini anayefika bila msingi hula mwaka wake wa kwanza kwa alfabeti na maamkizi, jambo ambalo angelifanya Temeke kwa gharama ya nauli ya daladala.

*Mlango wa kurudi.* Ndio mwembamba kuliko yote. Leseni za taaluma huisha: daktari ana usajili wa kuhuisha, wakili ana cheti cha kila mwaka, mhasibu ana masharti ya bodi yake. Kabla ya kuondoka ulizia namna ya kuusimamisha usajili bila kuupoteza. Na jiulize ukirudi na shahada ya hadithi utakula nini. Wengi hurudi kufundisha madrasa kwa malipo madogo. Ni kazi tukufu, lakini mke aijue mapema kwamba ndiyo inayomngoja.

*Inamfaa nani?* Kijana asiye na mke, au mwenye mke aliyeridhia kwa maneno yake mwenyewe na ambaye matumizi yake yametengwa. Asiye na deni. Mwenye wazazi wazima na radhi yao. Aliyekwishaonja Kiarabu na hakuchoka. Huyo akitoka, ametoka kwa niaba ya mji wake.

Kwa hali yako

*Una miaka chini ya 25, kazi ndiyo kwanza imeanza, na hakuna anayekutegemea.* Omba Madina au Azhar mwaka huu, na Kiarabu anza wiki hii wakati unangoja majibu. Kazi itapatikana tena. Sharti la umri halitarudi.

*Una miaka 30 na kitu, ndoa, watoto na mshahara mzuri.* Anza na njia ya kwanza kwa miezi tisa, Kiarabu na Safina tu, bila kumtangazia mtu. Ukimaliza na kiu imezidi, zungumza na mwenzako kuhusu ya tatu. Mazungumzo hayo yawe na tarakimu: akiba kiasi gani, miezi mingapi, nani atalipa ada za watoto.

*Kazi yako ina shaka ya haramu.* Shughulikia kazi kwanza, peke yake, na umwulize mwanachuoni unayemwamini kuhusu hali yako halisi, kwa kuwa mhasibu wa ndani na mlinzi wa getini hawako sawa. Masomo uyaanze huku unatafuta.

*Wewe ni mwanamke mwenye kazi na nyumba.* Pima saa zako baada ya kazi za nyumbani, usizipime kabla. Mara nyingi jambo la kwanza la kubadilika ni mgawanyo wa kazi ndani ya nyumba, na mume anayesema anapenda mkewe asome aanze kwa kuwalaza watoto jioni mbili kwa wiki.

*Huwezi kutoka kabisa, na hutarajii kuweza.* Tirmidhi amepokea habari ya ndugu wawili zama za Mtume, mmoja akifanya kazi na mwingine akihudhuria kwa Mtume. Mfanyakazi aliposhitaki, aliambiwa huenda riziki yake inatokana na ndugu yake. Katika ukoo wenu pengine yupo kijana mwenye kichwa cha elimu na hana nauli. Mgharimie kwa ahadi ya miaka kamili, isiwe sadaka ya siku moja, na akija likizo umsomee wewe kitabu.

*Umebakiza miaka mitano kustaafu.* Utumishi wa umma Tanzania unaruhusu kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55 na kwa lazima 60, na watu wengi husema wataanza hapo. Kuhifadhi matini katika umri huo ni kuzito, kuelewa si kuzito, na uzoefu wako wa ndoa, mikataba na mirathi utakufanya uielewe fikihi haraka kuliko kijana. Usiingoje barua ya kustaafu. Mtafute mwalimu sasa, maliza herufi, nahau ya mwanzo na kitabu kimoja cha fikihi kabla ya siku hiyo, na kiinua mgongo kikitoka, tenga humo ada ya miaka miwili ya chuo au ya kukaa Lamu au Unguja kabla ndugu hawajaanza kukipangia matumizi.